Nyanya Anaposahau Njia ya Kurudi Burumba

Msomaji, huenda nyumbani kwako yuko nyanya anayeuliza swali moja mara tano kabla ya chai kupoa. Huenda hata amewahi kutoka kwenda sokoni, akapatikana karibu na lango la Uganda. Majirani watasema karogwa. Wengine watasema ni uzee tu. Usikubali upesi.

Ubongo una seli za neva zipatazo bilioni 86. Kati ya seli na seli mna mwanya mwembamba mno, na mahali hapo huitwa sinapsi. Habari huvushwa hapo kwa kemikali, kama baiskeli zilivyovusha abiria baina ya malango mawili hapa Busia zamani, kazi iliyoipa bodaboda jina lake.

Mwaka 1991 Robert Terry na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichunguza ubongo wa marehemu waliougua Alzheimer. Waliona kwamba kupotea kwa sinapsi ndiko kulikoambatana zaidi na kudhoofika kwa akili, kuliko yale madoa aliyoyaeleza Alois Alzheimer mwaka 1906. Basi nyanya akikuita kwa jina la marehemu mjomba wako, hakudharau. Vivuko vimekatika.

Dawa ya kuuponya haijapatikana. Hata hivyo, mpeleke hospitali kabla ya kumkimbilia mganga: upungufu wa vitamini B12, maradhi ya tezi ya shingo au huzuni nzito huleta usahaulifu kama huo, nayo hutibika. Tena waonyeshe vijana wa bodaboda wa kituo chenu sura yake, wamrudishe wakimwona anaelekea mpakani.