Dere wa Canter, Oili Nyeusi Sio Shida: Cheki Vile Injini Hukufia Kwa Mlima

Kama unaendesha Canter, FSR ama lori yoyote ya dizeli, ama bado uko hapo nyuma ka tanboi ukingoja siku utapewa usukani, hii story ni yako.

Nilipotoka college bila karatasi, mboka ya kwanza nilipata ni utanboi kwa Canter ya anko. Tulikuwa tunatoa waru Molo tunapeleka Marikiti, Nairobi. Anko alikuwa na tabia moja: oili ikipungua, anaongeza. Hiyo ndiyo ilikuwa service yake. Usiku mmoja tumepita Naivasha, tunapanda Kinungi, ile taa nyekundu ya oili ikawaka. Akasema tufike tu juu. Hatukufika. Injini iligonga ka nyundo, alafu kimya. Waru tuliuza hapo kando ya barabara bei ya kutupa, na lori yenyewe ilikuwa ya loan.

Makanika alipofungua, beringi za krenki zilikuwa zimeisha. Sampu ilikuwa imejaa tope nyeusi, na chujio ya pampu imeziba. Manze, dipstiki ilikuwa inaonyesha fulu! Oili ilikuwepo, lakini haikuwa inapanda kufika kwa injini.

Iko hivi. Dizeli ikiungua hutoa masizi. Kazi moja ya oili ni kuyabeba hayo masizi yasishikane na chuma. Ndio maana oili mpya ya dizeli huwa nyeusi haraka sana hata injini ikiwa fiti, so rangi isikutishe. Shida ni zile dawa ziko ndani ya oili, za kusafisha na kupigana na asidi. Hizo huisha. Zikiisha, masizi yanagandana yanakuwa tope. Ukiongeza lita moja safi juu ya oili imechoka, ni ka kumwaga glasi ya maji safi kwa beseni ya kuoshea sufuria.

Makanika wengi watakwambia ubadilishe kila kilomita 5,000, lakini kitabu cha gari yako ndicho kinajua. Kwa hizi njia zetu, ni afadhali uwahi. Unabeba mzigo, Nakuru yenyewe iko karibu mita 1,850 juu ya bahari na ukienda Molo bado unapanda, alafu kuna vumbi ya barabara za shamba. Na ukikwama jam masaa mawili injini ikinguruma, kilomita hazisongi lakini oili inachapa kazi. Badilisha na filta pia. Filta ikiziba, kuna valvu hufunguka ndio injini isikose oili, na hapo inapita chafu vile iko.

Asubuhi kabla hujawasha, lori ikiwa mahali flat, toa dipstiki, panguza, rudisha, toa tena. Oili ikae katikati ya zile alama mbili. Kuzidisha pia ni noma, krenki inaipiga inakuwa povu. Ukipata imepanda na hujaongeza kitu, inuse: pengine dizeli inaingia kupitia injekta. Ikiwa inakaa chai ya maziwa, kuna maji ndani. Usiwashe hiyo kitu, ita makanika.

Kwa duka, wengi hutumia 15W-40. Lakini soma pia herufi za API: C ni ya dizeli, ka CI-4 ama CK-4. S ni ya petroli. Cheki sili haijaguswa na uitishe risiti, juu oili feki iko na mkebe msafi kabisa.

Na kama lori iko na turbo, ukishamaliza mlima usizime papo hapo. Iache ingurume dakika mbili tatu ipoe, juu oili ikisimama ndani ya turbo ikiwa moto hivyo, inaungua inakuwa makaa.

Ile chafu umetoa, usimwage kwa mtaro. Ziwa Nakuru halina mto wa kutoka, kitu ikiingia huko imebaki.

Anko siku hizi anaendesha lori ya wenyewe, na ile loan bado analipa. Ndani ya mlango wa dere ameandika na maka: tarehe, kilomita, oili, filta.