"Hatujambo" ya Krismasi Haitoshi

Sikukuu zimepita. Masufuria makubwa yamerudishwa kwa jirani, sare za shule zimeshonwa, na sisi akina mama tumebaki tukihesabu senti za Januari. Kila Desemba familia nyingi za Kichaga huacha Dar es Salaam, Arusha na miji mingine, zikapanda kwenda Marangu, Machame, Kibosho na Rombo. Wenzetu wa Bukoba, Mbeya na Njombe nao hushika njia ya kwao. Tumekula pamoja, tumeimba pamoja, tumepiga picha na wazazi. Lakini je, tumejuliana hali kweli?

Tufikiri kidogo jinsi salamu za sikukuu zilivyo. Mzee amevaa shati jipya alilonunuliwa, ameketi kwenye kiti chake uani. Wajukuu wanapita mmoja mmoja: "Shikamoo babu." "Marahaba." "Hujambo babu?" "Sijambo, Mungu ni mwema." Atasema nini kingine mbele ya watu thelathini? Hawezi kueleza kwamba usiku halali, wala kwamba dawa zake ziliisha kabla ya Krismasi. Hataki kuwaharibia watoto furaha yao. Kwa hiyo tunaagana, tunapanda basi, na habari kamili inabaki nyumbani.

Ndiyo maana tunasema kwamba kazi ya kujuliana hali huanza wageni wanapoondoka. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mara nyingi anayeficha hana ukaidi. Amekosa tu nafasi ya kuulizwa vizuri.

Simu moja ya jioni

Mama mmoja wa kikundi chetu kanisani ameturuhusu tusimulie yaliyompata bila kutaja jina lake. Alipokuwa kwa wakwe zake wakati wa Krismasi, aliona mama mkwe wake anaomba maji kila mara na anaamka usiku kwenda chooni. Tena alikuwa amevaa kandambili hata siku ya ibada. Nyumba ilikuwa imejaa watu, hakuuliza.

Wiki ya pili ya Januari alipiga simu saa mbili usiku, mama mkwe akiwa amebaki peke yake jikoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mlifika salama?"

"Tulifika, mama. Mimi nakuulizia wewe. Nilikuona umevaa kandambili. Mguu una nini?"

Kimya kikapita. Kisha mama akasema, "Kuna kidonda kidogo. Tangu mwezi wa kumi na moja."

Shemeji anayeishi jirani alimpeleka hospitali kesho yake. Sukari ilikuwa juu sana. Alianzishiwa dawa, kidonda kikasafishwa kwa wiki kadhaa, na mguu ukapona. Sisi wauguzi tumeona vidonda vya namna hiyo vikifika tumechelewa, na mgonjwa akarudi nyumbani na mguu mmoja.

Mambo ya kuuliza

Swali la "Hujambo?" lina jibu lake tayari. Tuulize maswali yenye kushikika: Mama, unalalaje? Chakula kinapita? Vidonge vimebaki vingapi? Kliniki ni tarehe ngapi?

Shinikizo la damu mara nyingi halina dalili yoyote. Mtu analima, anacheka, kumbe vipimo vinavyorudiwa siku mbalimbali vinafika 140 kwa 90 au zaidi. Wengi wakijisikia wazima huacha vidonge, hasa wakati wa sikukuu ambapo kuna safari, wageni na nyama yenye chumvi nyingi. Dawa ya presha humezwa kila siku, hata siku ambayo mwili hauna tatizo.

Kiu isiyokwisha, kukojoa mara kwa mara, kukonda bila sababu na kidonda kisichopona ni dalili zinazotaka kipimo cha sukari. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinataka kipimo cha kifua kikuu, na matibabu ya ugonjwa huo katika vituo vya serikali ni bure. Na yule mdogo wetu aliyejifungua karibuni, ambaye sikukuu nzima alikaa chumbani, tumuulize pia. Huzuni inayozidi wiki mbili baada ya uzazi ni ugonjwa unaotibika. Asiambiwe kwamba anadeka.

Kuhusu wazee, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitambua kuwa mzee ni mwenye miaka 60 na kuendelea, na kwamba wasiojiweza wanastahili kutibiwa bure. Tuulize ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya utaratibu ulivyo sasa, badala ya kumwacha mzazi akae nyumbani kwa kuogopa gharama.

Na marafiki je?

Nje ya kanisa la nyumbani tulikutana na wale tuliosoma nao. Tulikumbatiana, tukaandikiana namba, tukasema, "Tutatafutana." Neno hilo limezika urafiki mwingi! Januari kila mtu anaogopa simu. Apigaye anaogopa kudhaniwa anakopa, na apigiwaye anaogopa kudaiwa. Basi tuanze hivi: "Dada, sina shida, wala sikudai. Nimekukumbuka tu." Mtasikia jinsi sauti ya upande wa pili inavyolegea.

Tumkumbuke hasa rafiki aliyefiwa na mume mwaka uliopita. Desemba nyumba yake ilijaa. Januari analipa ada peke yake na meza ina kiti kitupu. Tusimhubirie. Tukae tumsikilize. Na atakayotuambia yasigeuke kuwa ombi la maombi mbele ya kikundi kizima bila ruhusa yake.

Tugawane mzigo

Siku hizi ni rahisi kutuma fedha kwa simu, tukajiona tumemaliza. Fedha inasaidia, lakini haioni mguu uliovimba. Tukae na waume zetu, tuwazungumzie wazazi wa pande zote mbili bila kupendelea. Ndugu aliye karibu apeleke mzazi kliniki, aliye mbali alipe nauli na dawa, na mmoja apige simu kila Jumapili jioni. Mzigo ukiachiwa mkamwana mmoja kijijini, yeye naye ataugua.

Tukisoma Matendo ya Mitume 15:36 tunamkuta Paulo akimwambia Barnaba warudi katika kila mji walikohubiri, wakawaangalie ndugu wako hali gani. Walikuwa wamekwisha kufika huko na kupokelewa, lakini Paulo hakutosheka na habari za safari ya kwanza.

Mama msomaji, chukua karatasi leo. Andika majina matatu ya watu uliowasalimu Krismasi na moyo wako ukakuambia kuna jambo. Jioni watoto wakilala, piga simu ya kwanza. Uliza, kisha nyamaza usikilize.