Kuandaa karata za pesa nyumbani: Faida ndogo, hatari kubwa

BIASHARA ya kuwaalika watu nyumbani ili wacheze karata kwa pesa huonekana rahisi machoni pa anayeianza. Haihitaji duka wala mtaji mkubwa. Meza, viti, karata na chumba kilicho mbali na macho ya majirani vyatosha. Katika mji kama Machakos, ulio kilomita 60 hivi kutoka Nairobi, wenye chuo kikuu, ofisi za kaunti na wafanyakazi wanaopokea mishahara kila mwisho wa mwezi, ni rahisi kuamini kwamba wateja hawatakosekana.

Hata hivyo, anayegeuza sebule yake kuwa ukumbi wa poka huvuka mpaka ambao wengi hawauoni. Pindi anapoanza kujitwalia sehemu ya pesa zinazochezewa, yeye si mwenyeji wa marafiki tena. Amekuwa mfanyabiashara wa kamari, na biashara hiyo nchini Kenya haiendeshwi bila leseni.

Pesa hutoka wapi

Katika mchezo wa poka, kila mchezaji hupewa karata, kisha kwa zamu huweka pesa katika fungu la katikati, akiamini au akijifanya kuamini kwamba karata zake ndizo bora. Mshindi wa mzunguko huzoa fungu lote.

Michezo mingi ya kasino humkabilisha mteja na nyumba yenyewe. Poka ni tofauti, kwa kuwa wachezaji hushindana wao kwa wao. Kwa sababu hiyo mwenyeji hana faida mpaka atoze kitu: ada ya kiti, asilimia fulani ya kila fungu, au bei ya vinywaji na chakula.

Tuseme watu wanane wameketi, kila mmoja akiwa na Sh1,000. Mezani pana Sh8,000. Wakicheza mizunguko 60 usiku mmoja, na kila fungu likafika Sh400 kwa wastani, pesa zilizozungushwa ni Sh24,000. Mwenyeji akikata asilimia tano, anapata Sh1,200.

Kiasi hicho ni asilimia 15 ya pesa zote zilizoletwa. Wachezaji wanane wamebaki kugawana Sh6,800, hivyo wakichukuliwa kwa pamoja wamepata hasara, hata kama mmoja wao ameondoka akitabasamu. Mwenyeji peke yake ndiye asiyeweza kushindwa. Ndiyo maana sheria humwangalia yeye kwanza.

Sheria inavyosema

Kwa takriban miaka 60, kamari nchini Kenya ilisimamiwa na sheria ya mwaka wa 1966, chini ya Bodi ya Kudhibiti Kamari na Kutoa Leseni. Mwezi wa Agosti 2025, Rais William Ruto alitia saini Sheria ya Kudhibiti Kamari, iliyofuta ile ya 1966 na kuunda mamlaka mpya ya kusimamia sekta hiyo. Msingi haukubadilika: anayetaka kuendesha kamari kama biashara sharti apate leseni, na walio chini ya umri wa miaka 18 hawaruhusiwi kushiriki.

Serikali za kaunti nazo zina mamlaka. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linataja kamari na kasino miongoni mwa majukumu ya kaunti, huku serikali kuu ikibaki na kamari ya kiwango cha kitaifa. Kwa hiyo mkazi wa Machakos anayefikiria biashara ya aina hii ana milango miwili ya kubisha, wala mmoja haumwondolei wajibu wa kubisha mwingine.

Wapo wanaojitetea kwamba poka ni mchezo wa akili wala si wa bahati. Utetezi huo una ukweli kiasi, kwani mchezaji stadi humshinda limbukeni baada ya mizunguko mingi. Lakini hauwezi kutegemewa kama kinga. Sheria ya 1966 ilikwisha kuiweka michezo inayochanganya bahati na ustadi katika kundi moja na michezo ya bahati.

Kwingineko duniani mpaka huo umechorwa waziwazi. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka wa 2005 inaruhusu watu kucheza kamari faraghani nyumbani mradi mtu asitozwe chochote ili ashiriki, na kukata sehemu ya pesa zilizowekwa huhesabiwa kuwa ni kutoza. Katika jimbo la Texas, Marekani, mchezaji anaweza kujitetea mahakamani iwapo mchezo ulifanyika faraghani, nafasi za wote zilikuwa sawa, na hakuna aliyenufaika ila kwa kushinda mchezoni. Sheria hizo haziwalindi Wakenya, lakini zinaonyesha kuwa hata penye ulegevu, mkato wa mwenyeji ndio unaoharibu mambo.

Kosa moja huzaa jingine

Mwenyeji akiuza bia bila leseni, anaongeza kosa la pili. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, inayojulikana na wengi kama Sheria ya Mututho, inahitaji leseni kwa kila anayeuza pombe, na hata baa zenye leseni ziliwekewa saa za kufungua na kufunga. Sebule haina saa hizo wala leseni hiyo.

Malipo kwa M-Pesa nayo huacha alama. Mfululizo wa pesa ndogondogo zinazoingia katika simu moja kila usiku wa Ijumaa ni ushahidi ambao hauwezi kuchomwa pamoja na karata.

Mshukiwa akikamatwa, ana haki zake. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kwanza ya kazi ya mahakama ikiwa muda huo utaisha nje ya saa za kazi. Lakini haki hizo hazifuti mashtaka. Kijana akipatikana na hatia, rekodi hiyo yaweza kumwandama anapoomba cheti cha mwenendo mwema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, cheti ambacho waajiri wengi hukidai.

Deni lisilo na mahakama

Hatari nyingine haitajwi sana. Aghalabu mwenyeji huishia kuwa mkopeshaji, kwa kuwa aliyeishiwa pesa huomba za kuendelea ili arudishe alizopoteza. Mkopaji akikataa kulipa, mwenyeji hana pa kushtaki, maana mahakama haziko tayari kumsaidia mtu kukusanya matunda ya tendo lililokatazwa. Akiibiwa pesa za mezani au ugomvi ukizuka, kupiga ripoti kituoni ni kujichongea mwenyewe.

Aliyepanga nyumba pia hujiweka katika hatari ya kufukuzwa, na mke au mume na watoto walalao chumba cha pili hawana namna ya kujitenga na polisi wanapobisha. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao.

Anayependa karata ana njia ya kuzifurahia bila kujitia mashakani: kucheza bila pesa. Anayetaka kufanya biashara yenyewe na atafute kwanza ushauri wa wakili, kisha aende kwa mamlaka ya kamari na kwa serikali ya kaunti kabla ya kumkaribisha mteja wa kwanza. Gharama ya leseni yaweza kumkatisha tamaa, na pengine hiyo ndiyo hesabu anayopaswa kuifanya mapema. Ikiwa biashara haiwezi kulipia leseni yake, Sh1,200 za usiku mmoja haziwezi kulipia wakili, faini na jina lililoharibika.