Jentlemani, Songa Kidogo

"Jentlemani, songa kidogo." Ukipanda matatu stejini Kanja kwenda Embu mjini, maneno hayo utayasikia kabla gari halijatia gia. Makanga hanijui. Hajui kama nalipa madeni, wala kama nasalimiana na jirani yangu, lakini cheo kishanipa. Nami kichwa kikavimba, nikabana magoti, na kiti cha watatu kikawa cha wanne. Zile sheria za waziri wa uchukuzi Michuki za mwaka 2004 zilitaka matatu kama hii ibebe abiria 14, kila mmoja na mkanda wake. Ujentlemani wa stejini huanzia pale sheria inapoishia.

Kwa Waingereza wenyewe neno hilo lilianza na ukoo. Jentlemani alikuwa mtu wa familia bora, asiyelazimika kuchafua mikono ndipo ale. Adabu ilikuja baadaye. Kiswahili nacho kilipita njia hiyo, tena yenye miiba zaidi. Katika miji ya pwani, muungwana alikuwa mtu huru, asiye mtumwa. Awe mpole au mkali kama pilipili, hilo lilikuwa jambo jingine. Utumwa ukaondolewa kisheria, Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907. Neno likapoteza kazi yake ya zamani, likahamia kwenye tabia. Ndiyo maana leo tunasema uungwana ni vitendo, na mapatano yasiyoandikwa tunayaita ya kiungwana. (Jinsi yanavyovunjika, waulizeni wanasiasa wetu.)

Kisa kinachonifurahisha zaidi ni cha wapagazi wa misafara ya karne ya 19. Miongoni mwao walikuwamo watumwa wa mabwana wa Unguja, lakini wakishafika bara, huko Manyema, walijiita waungwana. Nani angewabishia? Kiswahili chao kikaitwa Kingwana, jina lililokaa muda mrefu mashariki mwa Kongo. Makanga wa Kanja ni mjukuu wao: anajua kwamba cheo hunoga mahali ambapo hakuna anayemjua mwenyewe.

Kwa Waembu lipo neno lisilogawanywa ovyo namna hiyo: mũthuri. Huyo ni mtu mzima mwenye mji wake, akisema barazani watu hunyamaza. Katika siasa, mimi humfikiria marehemu Jeremiah Nyagah, mzaliwa wa Embu, aliyeingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1958, akawa waziri chini ya Kenyatta na Moi, kisha akastaafu mwaka 1992. Kustaafu! Siasa zetu hazilijui sana neno hilo nalo.

Turudi garini. Hatujafika mbali, akapanda nyanya mmoja na gunia la maparachichi. Sisi majentlemani wanne tukatazama nje, kila mmoja ghafla akiipenda sana michai ya watu. Aliyeinuka ni kijana wa shule aliyekaa nyuma ya dereva. "Shosho, kaa hapa," akasema, akaenda kukalia sambaza, kile kibao cha kupitisha katikati ya viti.

Makanga akamgusa bega. "Wewe kijana, pesa." Akatoa nauli nzima, sawa na yetu.