Taka za soko ziishie sokoni

Halmashauri ikibanwa na taka, kitu cha kwanza kuomba ni gari. Gari hupatikana, hupigwa picha, kisha huanza kudai dizeli, matairi na vipuri. Mwaka 2018 Benki ya Dunia ilikadiria kuwa katika nchi za kipato cha chini kazi ya taka hula wastani wa asilimia 20 ya bajeti ya manispaa, na hata hivyo zaidi ya nusu ya taka za mijini huko haikusanywi. Ripoti hiyohiyo inasema zaidi ya nusu ya taka hizo ni mabaki ya vyakula na majani. Kwa maneno mengine, dizeli nyingi inachomwa kusafirisha maji yaliyomo kwenye maganda.

Katika masoko ya Korogwe na Handeni jambo hili halihitaji utafiti. Maganda ya machungwa, majani ya migomba, magunzi na mboga zilizolala ndiyo uzito wa tela. Mkulima wa bustani anayehitaji mboji hayuko mbali. Kama kuna mageuzi ya kuanza nayo, ni haya: taka za soko zitenganishwe palepale kizimbani, zioze chini ya usimamizi wa kikundi chenye eneo lake, na gari libebe kilichobaki. Safari za dampo zitapungua kabla ya kununua gari jingine.

Wilaya ya Korogwe ina mfano wake. Mkonge hutoa nyuzi kiasi cha asilimia 4 tu ya uzito wa jani; zamani mabaki yote yalikuwa ni ya kutupwa. Mwaka 2008, kwenye shamba la Hale, kampuni ya mkonge ya Katani Limited ikisaidiwa na UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, na Mfuko wa Pamoja wa Bidhaa ilizindua mtambo wa majaribio wa kuzalisha umeme kwa gesi itokanayo na mabaki hayo, kwa uwezo wa kilowati 150. Soko la mji haliwezi kujenga mtambo kama ule, wala halina haja. La kuiga ni hesabu: kwanza ulijulikana uzito wa mabaki, ndipo mashine ikachaguliwa.

Makopo, chuma na maboksi yana habari nyingine. Hayo yana wanunuzi, na waokotaji wameshayafikia kabla ya mzabuni yeyote. Tatizo ni ujazo. Chupa tupu hujaza Fuso bila kufikisha uzito wa maana, hivyo nauli humeza bei. Hapa ndipo mgawanyo wa utawala unapoumiza: Handeni ina halmashauri ya mji na ya wilaya, Korogwe vilevile. Halmashauri nne, kila moja na bajeti yake, ilhali kati ya miji hii miwili kuna kilomita 65 za lami. Mashine moja ya kubana chupa ikiwekwa Korogwe, kwenye barabara kuu ya Arusha na reli ya Tanga, ingehudumia Handeni, Segera na Mombo pia.

Kuhusu ada za uzoaji taka, Dar es Salaam ilishalipa karo. Mwaka 1994 kazi ya kuzoa taka katikati ya jiji ilikabidhiwa kampuni moja, Multinet Africa, na ikakwama kwenye kukusanya fedha za wateja. Miaka michache baadaye kata ziligawiwa kampuni ndogo na vikundi vya wakazi. Mwenye nyumba humlipa kwa urahisi zaidi kijana wa toroli anayemwona kila wiki.

Vikundi vya namna hiyo vinaweza kukopa kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Toroli, buti na mizani vinakopesheka. Lakini mkopo wa kununua guta haulipiki kwa zabuni ya mwaka mmoja, na mkataba wa miaka mitatu uko mikononi mwa halmashauri yenyewe.