Betri Ndogo ya Kuikumbusha Kompyuta Kuukuu

Je, msomaji mpendwa, nyumbani kwako Kangemi, Lavington au Kawangware mna kompyuta kuukuu iliyofunikwa kitambaa juu ya kabati? Huenda ni BBC Micro iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1981, Commodore 64 ya mwaka wa 1982 au Amiga 500 ya mwaka wa 1987. Usiitupe. Mashine hizo bado zaweza kumfundisha mtoto jinsi kompyuta inavyofikiri, kwa kuwa ukiiwasha tu BBC Micro au Commodore 64 unaweza kuanza kuiandikia maagizo.

Lakini zina ugonjwa mmoja: kumbukumbu zao za kazi si za kudumu. Stima ikipotea, kila ulichoandika hupotea nayo kufumba na kufumbua. Nasi wakazi wa Nairobi twaijua stima yetu. Kulikuwa na mgao wa umeme wakati wa ukame wa 1999 na 2000, na usiku wa Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani. Dawa ambayo mafundi wameitumia kwa miaka mingi ni kadi ya kumbukumbu iliyotiwa betri.

Si kila kadi inafaa

Kumbukumbu ni za aina mbili. Ya dinamiki ni kama debe lenye tundu: kompyuta huijaza upya mamia ya mara kwa kila sekunde, la sivyo hukauka. Betri ndogo haiwezi kazi hiyo. Ya statiki ni kama mtungi mzima: ikishatiwa kitu hutulia nacho, mradi ipate umeme kidogo mno.

Soma namba iliyo juu ya chipu. Ukiona 4164, hiyo ni dinamiki. Weka pesa zako mfukoni. Ukiona 62256, hiyo ni statiki, na hubeba kilobaiti 32. Aina yake inayotumia umeme mdogo hushika kumbukumbu hata kwa volti 2. Betri bapa ya CR2032, yenye volti 3 na upana wa milimita 20, yaweza kuilinda kwa miaka kadhaa.

Mwulize fundi haya

Ukishuka mjini, kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki ya Luthuli Avenue, usikubali fundi alehemu betri tu na kukudai malipo. Mwulize maswali matatu.

Kwanza, umeme wa kompyuta utazuiwaje usiingie kwenye betri? CR2032 haichajiwi, ukiilazimisha yaweza kupasuka. Pili, betri itazuiwaje isijaribu kuilisha kompyuta nzima na kuisha mara moja? Dayodi mbili, kila moja ikiwa njia ya kwenda bila kurudi, humaliza matatizo yote mawili. Tatu, ni nini kitakachoifungia chipu mlango stima inapokatika? Kompyuta inayozimika huweza kuandika upuuzi juu ya kazi yako. Rezista na transista huufunga mlango huo, au chipu maalumu kama DS1210.

Kazi ikiisha, ijaribu. Andika kitu, zima, chomoa waya kwenye soketi ya ukutani, kisha uwashe kesho yake. Hata kikiwepo, bado weka nakala kwenye kanda au diski. Betri nayo huisha.

Mlinzi anayegeuka mwizi

Kabla ya kuongeza betri mpya, tafuta ya zamani. Kadi ya A501 ya Amiga 500, kwa mfano, ilikuja na betri ya nikeli na kadimiamu iliyolehemiwa kwenye ubao ili kuendesha saa. Baada ya miaka mingi betri hizo huvuja, na maji yake hula nyaya nyembamba za shaba. Ukiona ukoko wa kijani au wa bluu, fundi aikate betri mara moja, asafishe mahali hapo kwa siki kidogo, kisha kwa spiriti, na kupaacha pakauke. Betri mpya isilehemiwe tena ubaoni; ikae kwenye kibebeo chake, iwe rahisi kuitoa.

Mzazi, sikiza hili

Betri bapa hung'aa kama sarafu, na mtoto mdogo hupenda kuitia kinywani. Ikikwama kooni yaweza kumchoma ndani kwa muda wa saa mbili tu. Usingoje dalili wala usimtapishe. Mkimbize hospitalini papo hapo. Kwa hiyo kifuniko cha kompyuta kifungwe kwa skrubu, na betri kuukuu isiachwe mezani. Ifunge kwa utepe wa gundi pande zote mbili, uipeleke panapokusanywa taka za elektroniki, kama vile WEEE Centre hapa Nairobi.

Ukiyazingatia hayo, mashine yako itakumbuka, na nyumba yako itakuwa salama.