Mkono wa Mmoja, Mifuko ya Wengi

Takwimu za mfumuko wa bei za Marekani hutangazwa saa tisa na nusu alasiri kwa saa za Afrika Mashariki, au saa kumi na nusu majira yao ya baridi yanapoingia. Dakika hiyo bei ya Bitcoin inaweza kuruka au kuporomoka kabla hujamaliza kusoma tarakimu yenyewe. Mkaazi yeyote wa Kakamega anajua kwamba hizo ndizo saa ambazo mvua ya kwetu hupenda kushuka na radi zake, na mara nyingine umeme ukapotea mtaa mzima. Kijana anayetreda pesa zake mwenyewe akikatikiwa na mtandao saa hiyo, hasara ni yake. Lakini akiwa ni kiongozi, yaani mtu ambaye biashara zake zinakopiwa na watu mia moja, radi iliyopiga transfoma ya Lurambi imeipiga pia akaunti ya mwalimu wa Mumias, ya nesi wa Eldoret, na ya mtu asiyemjua kabisa aliyeko Manila.

Nayaandika haya kwa sababu vijana wanaoniuliza habari za sarafu za kidijitali, hasa wa karibu na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, hawaulizi tena jinsi ya kununua. Wanauliza jinsi ya kuwa kiongozi. Wameona kwamba kuna malipo kwa anayefuatwa, na swali lao ni la haki. Jibu langu ni kwamba kiongozi amebeba fedha za watu, hata kama hazipiti mkononi mwake, na mfumo wenyewe umepangwa kwa namna inayomsahaulisha jambo hilo.

Mfumo haukuanzia kwenye sarafu hizi. Kampuni ya eToro ya Israeli iliuzoesha umma mnamo 2010 katika biashara ya fedha za kigeni, kisha masoko ya sarafu za kidijitali yakauchukua: Bitget 2020, Bybit 2022, Binance 2023. Kiongozi hufungua akaunti maalumu, huweka mtaji wake, na kila anachonunua au kuuza huhesabiwa kwenye ukurasa wake mbele ya watu. Mfuasi hutenga kiasi, tuseme dola 100. Huku kwetu dola hizo mara nyingi ni USDT, sarafu za kidijitali zenye thamani ya dola, ambazo mtu hununua kwa muuzaji mwingine ndani ya soko na kumlipa kwa M-Pesa. Akishabofya, kompyuta za soko hurudia kila hatua ya kiongozi kwenye akaunti yake kwa kiwango kinacholingana na alichotenga. Kiongozi akiingiza asilimia 5 ya mtaji wake kwenye Ethereum, mfuasi naye ameingiza dola 5. Fedha hizo hukaa kwenye akaunti ya mfuasi, na kiongozi hana uwezo wa kuzitoa.

Hapo ndipo pa kutenganisha biashara hii na ya yule anayekuambia umtumie elfu kumi kwa M-Pesa akutredie. Fedha zikishahamia kwa mtu, habari ya kufuata imekwisha, umebaki na ahadi yake tu. Wakenya tuna kumbukumbu chungu ya ahadi kama hizo: jopo lililoongozwa na Francis Nyenze, lililochunguza michezo ya piramidi iliyoanguka mwaka 2007, lilikuta watu wamepoteza zaidi ya shilingi bilioni 8. Jina la teknolojia hubadilika, ahadi haibadiliki. CBEX, jukwaa lililoanguka Aprili 2025 na kuwaumiza Wanigeria wengi, na Wakenya pia, liliahidi kuzidisha fedha za mtu mara mbili ndani ya siku 30. Faida zilipanda kwenye skrini mpaka watu walipojaribu kuzitoa zikakataa kutoka.

Nirudi kwa kiongozi halali, kwa maana yeye ndiye ninayemwandikia. Malipo yake ya kawaida ni sehemu ya faida ya wafuasi, mara nyingi asilimia 10. Hasara yao hailipii chochote. Kwa hiyo hebu tuchukue kalamu. Kiongozi ana mtaji wake wa dola 500, na wafuasi 100, kila mmoja na dola 100. Mwezi wa kwanza anapata faida ya asilimia 20. Mtaji wake umekuwa 600. Kila mfuasi amefika 120, anakatwa dola 2, anabaki na 118. Kiongozi amekusanya dola 200 za malipo na kuziweka kando. Mwezi wa pili biashara zinakwenda kombo, anapoteza asilimia 50. Mtaji wake unashuka hadi 300, na ukijumlisha zile 200 alizoweka kando, ana dola 500, zilezile alizoanza nazo. Kila mfuasi ana dola 59. Kwa pamoja waliingia na 10,000, wamebaki na 5,900. Yule nesi wa Eldoret alitenga karibu shilingi 12,900 na sasa ana takriban 7,600, wakati aliyemwongoza hajapungukiwa hata senti.

Hapo hapana wizi wala udanganyifu, na sijaingiza ada za soko, ambazo soko hukata watu wakishinda na hukata wakishindwa. Hesabu hiyo hutokea kwa sababu malipo yanatazama juu tu. Masoko hujaribu kuipunguzia makali kwa kanuni ya kilele: baada ya hasara, kiongozi halipwi tena mpaka arudishe kwanza kilichopotea. Kanuni ni nzuri, lakini mtazame aliyepoteza nusu. Ili kurudi pale alipokuwa anahitaji faida ya asilimia 100, na muda wote huo anafanya kazi bure. Kishawishi kinachomjia ni kuufunga ukurasa ule wenye aibu na kufungua mwingine ulio safi, au kuongeza dau akitumaini kurudisha yote kwa mkupuo. Kijana anayetaka kazi hii ajiulize mapema atafanya nini siku hiyo, kwa sababu itakuja.

Orodha za viongozi bora, zile zinazopangwa kwa asilimia za faida, zinahitaji jicho kali zaidi. Tuseme watu 1,024 wanarusha sarafu ya shilingi mara moja kwa wiki, na anayekosea anaondoka. Wiki ya kwanza wanabaki 512, ya pili 256, na baada ya wiki 10 anabaki mmoja ambaye hajakosea hata mara moja. Hana ujuzi wowote wa kurusha sarafu. Lakini ukurasa wake ukiwekwa kwenye simu yako utaonyesha ushindi kumi kwa kumi, na wale 1,023 hutawaona kwa sababu wamefuta kurasa zao. Ndiyo maana mimi nikifungua ukurasa wa kiongozi natafuta kwanza shimo lake refu kuliko yote: kutoka kilele cha juu hadi bonde la chini kabisa, mtaji ulishuka kwa asilimia ngapi, na ulichukua muda gani kupanda tena. Pili naangalia umri wa akaunti. Miezi miwili ya soko linalopanda haimpimi mtu. Tatu, ana kiasi gani chake mwenyewe ndani.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwenye orodha yoyote. Agizo la kiongozi hutangulia, la mfuasi hufuata nyuma yake. Kwenye Bitcoin tofauti hiyo ni ndogo kwa sababu soko ni pana. Kwenye sarafu ndogo isiyo na wauzaji wengi, hali ni tofauti kabisa. Kiongozi ananunua kwa dola 1.00. Wafuasi mia wanaingia nyuma yake, wingi wao unaisukuma bei, nao wananunua kwa 1.02 na kwenda juu. Bei ikifika 1.05 kiongozi anauza, maagizo ya wafuasi yanamiminika sokoni kwa pamoja, bei inaanguka mikononi mwao na wanauza kwa 1.02 au chini ya hapo. Ukurasa wa kiongozi unasema faida ya asilimia 5. Wafuasi wamerudi walikotoka, na ada juu. Mwenye nia mbaya anaweza kwenda mbali zaidi: anunue sarafu hiyo mapema kwa akaunti nyingine ya siri, kisha aongoze watu wake kuipandisha ili yeye auze. Huo ni wizi, hata kama hakuna aliyevunja mlango. Kiongozi mwaminifu hukaa kwenye sarafu zenye soko pana, na wafuasi wakizidi uwezo wa soko lake, hufunga mlango wa kuingia.

Halafu kuna mkopo. Biashara nyingi zinazokopiwa hufanyika kwenye mikataba ya bei, ambako dola 100 zinaweza kushika nafasi ya dola 2,000. Nguvu ya mara 20 maana yake bei ikienda kinyume kwa asilimia 5 tu, soko linaifunga nafasi yako kwa nguvu na dola 100 zimekwenda. Usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 11 Oktoba 2025, Kenya ikiwa imelala, soko zima lilianguka baada ya Rais Donald Trump kutangaza ushuru mpya wa asilimia 100 kwa bidhaa za China. Ndani ya saa 24 nafasi za thamani ya zaidi ya dola bilioni 19 zilifungwa kwa nguvu, na baadhi ya sarafu ndogo zilipoteza zaidi ya nusu ya bei kwa dakika chache. Kiongozi aliyekuwa amelala bila kuweka kikomo cha hasara aliamka akakuta kazi imekwisha, yake na ya watu wake. Kikomo huwekwa ndani ya soko lenyewe wakati wa kuingia, kwa sababu soko halisubiri umeme urudi.

Watafiti watatu wa uchumi, Jose Apesteguia, Jörg Oechssler na Simon Weidenholzer, walilifanyia jaribio jambo hili la kunakili biashara za wengine na matokeo yakachapishwa 2020 katika jarida la Management Science. Waligundua kwamba watu wakionyeshwa mafanikio ya wengine hujitosa kwenye hatari zaidi, na wakipewa nafasi ya kunakili kwa kubofya, hujitosa zaidi tena. Kwangu mimi uzito wa utafiti huo unamwangukia kiongozi. Anayekufuata tayari ameshalegeza tahadhari zake kwa sababu yako. Mwanafunzi aliyetenga pesa za mkopo wa masomo wa HELB nyuma ya ukurasa wako hakusoma chati yoyote, alisoma asilimia yako.

Sheria nayo imeanza kusogea. Kwa biashara ya fedha za kigeni mtandaoni, kanuni za Mamlaka ya Masoko ya Mitaji za 2017 zina leseni maalumu kwa wanaosimamia fedha za wengine. Kwa sarafu za kidijitali, Rais William Ruto alitia saini Sheria ya Watoa Huduma za Mali za Kidijitali Oktoba 2025, nayo ikaanza kutumika tarehe 4 Novemba. Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ndizo zinazosimamia, na mwezi huohuo zilitangaza kwamba hakuna kampuni iliyokuwa imepewa leseni bado. Miongoni mwa shughuli zinazoguswa ni ushauri wa uwekezaji na usimamizi wa mali. Je, kijana wa Kakamega anayekopiwa kwa malipo anaangukia humo? Kwa maoni yangu swali hilo litaulizwa, na ni heri aliulize yeye kwanza kwa wakili au kwa mamlaka yenyewe kuliko aulizwe baada ya mtu kupata hasara na kulalamika. Kuhusu kodi, ule ushuru wa asilimia 3 wa kila uhamisho wa mali za kidijitali, ulioanza Septemba 2023, uliondolewa Julai 2025 na mahali pake pakawekwa asilimia 10 juu ya ada za watoa huduma. Lakini malipo ya kiongozi ni kipato kama kipato kingine. Anayeyapokea aweke kumbukumbu zake kuanzia malipo ya kwanza.

Kijana akishayasikia haya yote na bado anataka kuongoza, simzuii. Nina sharti moja kabla ya mengine: atrede mtaji wake mwenyewe, bila mfuasi hata mmoja, mpaka apitie angalau mwanguko mmoja mkubwa wa soko. Akifungua mlango, aweke ndani sehemu ya mali yake ambayo ikipotea ataumia kweli, na zile asilimia 10 zisiende kando zote kama katika hesabu yangu ya juu. Zirudi kwenye mtaji uleule, ashuke na watu wake wakishuka. Kila biashara isihatarishe zaidi ya asilimia 1 au 2 ya mtaji. Kwenye ukurasa wake aandike kwa lugha nyepesi hasara kubwa aliyowahi kupata, kabla hajaandika faida, na amwambie mfuasi asitenge karo, kodi ya nyumba, wala mchango wa chama.

Na siku ya kuacha ifike na utaratibu wake. Kiongozi akifunga ukurasa ghafla huku nafasi zikiwa wazi, zinaweza kufungwa kwa bei yoyote iliyopo, na hasara hiyo ataiona mfuasi tu. Atangulize taarifa wiki mbili kabla, aache kufungua biashara mpya, afunge zilizopo moja baada ya nyingine soko likiwa tulivu, kisha ndipo atoke.